Boti ya weikibodi kwenye slalomu: inafika wapi, inaishia wapi

Kinachokaguliwa hapa ni boti ya weikibodi ya futi 21 hadi 23 yenye injini ya nyuma, ile ya mfumo wa V (shafti hutoka mbele ya injini, kisha hukunjwa kurudi nyuma hadi propela), iliyoundwa kumvuta mtu aliyesimama juu ya ubao, ambayo mwenye nayo Moshi au Arusha ataikokota kwa trela hadi Bwawa la Nyumba ya Mungu. Swali ni kama boti iliyoundwa kuinua wimbi inaweza kumvuta mtelezaji wa slalomu, anayezunguka maboya juu ya skii moja, ambaye anataka maji yalale. Inaweza. Ikipangwa vizuri inamfaa anayejifunza na mtelezaji wa kati hadi kamba ya mita 14.25 (kamba ikifupishwa mtihani huwa mgumu zaidi), na kwa dereva makini hata mita 13. Kuanzia mita 12 kushuka boti hii inaanza kumpinga mtu, na hakuna mpangilio utakaoliondoa tatizo hilo, maana limo mahali injini ilipokaa.

Tofauti ya kazi hizi mbili ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Weikibodi huvutwa kwa kilomita 30 hadi 38 kwa saa. Mpanda ubao anataka tuta refu lenye mteremko limrushe juu, na kamba itoke mnarani, ile fremu ndefu iliyosimama juu ya boti, ili imshike akiwa hewani. Njia ya slalomu ina urefu wa mita 259: lango la kuingilia, maboya sita ya kuzunguka, lango la kutokea. Kutoka langoni hadi usawa wa boya la kwanza ni mita 27, kisha mita 41 kati ya boya na boya, na kila boya limekaa mita 11.5 kando ya mstari wa boti. Boti hupita katikati kwa mwendo usiobadilika, kilomita 58 kwa saa kwa wanaume wa ngazi ya juu na 55 kwa wanawake. Mtelezaji hukata wimbi la boti kila baada ya sekunde 2.5 hivi, tena akiwa na kasi kuliko boti yenyewe. Tuta ambalo mpanda weikibodi angelishukuru, huyu humtoa skii majini, na akitua amekwisha kupoteza mstari wa boya linalofuata.

Anza ngamani

Wahenga walisema uende tezi uende omo, marejeo ni ngamani. Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na ngama ni chini ndani yake. Kwenye boti hii ngamani ndiko pa kuanzia. Boti za weikibodi za saizi hii hubeba farumi (uzito wa kuizamisha boti) ya maji ya kilo 400 hadi zaidi ya 1,000, kwenye matangi au mifuko iliyofichwa chini ya sakafu na pembeni mwa injini. Lita moja ni kilo moja. Ukiacha lita 60 kwenye tangi la nyuma upande wa kushoto ni sawa na kumkalisha mtu mwembamba juu ya tezi siku nzima, na tuta la kushoto litakuwa kubwa kuliko la kulia bila mtu kujua kwa nini.

Usiamini kipimo cha kwenye kioo cha dereva. Kipimo kikisoma sifuri, tangi bado linaweza kuwa na maji ambayo pampu imeshindwa kuyafikia, hasa boti ikiwa imeinua omo. Toa maji boti ikiwa juu ya trela, tezi ikiwa chini kidogo, na utazame bomba la nje kwa macho: maji yatoke kwa nguvu, yapungue, yakatike. Pampu za farumi husukuma takriban lita 45 hadi 75 kwa dakika, kwa hiyo tangi la lita 200 halipaswi kuchukua zaidi ya dakika tano. Likichukua kumi, kuna majani au tope kwenye mlango wa pampu, na kwa maji ya bwawa hilo ni jambo la kawaida. Zile pampu zenye feni ya mpira ndani zizimwe mara bomba linapokauka. Zikizunguka kavu, mpira huungua na kukatika, na vipande vyake huziba bomba lote.

Tangi lililojaa nusu ni baya kuliko lililojaa. Mtelezaji anapovuta kwenda kulia boti hulala kidogo, maji ya nusu tangi hukimbilia upande ilikolalia, na ulalo huongezeka wakati uleule dereva anapohitaji boti itulie. Kwa slalomu tangi liwe tupu kabisa.

Baada ya maji, shusha mizigo. Maboksi ya barafu, nanga ya pili, spika kubwa na rafu za ubao mnarani, mifuko ya ziada ya farumi: vyote vibaki ufukweni. Petroli nayo ina uzito, lita 100 ni kama kilo 74, hivyo nusu tangi inatosha kwa zoezi la asubuhi. Watu wawe wawili tu, dereva na mtazamaji. Mtazamaji ni lazima, lakini asikae kwenye benchi la nyuma. Akae upande wa pili wa dereva, akitazama nyuma.

Sasa peleka uzito omo. Injini ya nyuma imeshaikalisha tezi chini, na tezi iliyozama ndiyo inayochonga tuta. Mifuko ya mchanga ya kilo 20, mitatu hadi minne, hufanya kazi ambayo watu hununulia vipande vya bei vya madini ya risasi. Tumia mfuko ndani ya mfuko, na wa nje uwe wa plastiki nzito uliofungwa vizuri, kwa sababu punje za mchanga zikiingia ngamani zitaimaliza pampu ya kutolea maji. Funga mifuko isiteleze. Anza na kilo 60, tazama wimbi kwa kilomita 55, ongeza mfuko mmoja mmoja. Dalili ya kuzidisha haijifichi: boti inaanza kufuata omo, dereva akigusa usukani kidogo inakata kona kuliko alivyotaka, na maji yanarushwa mbele ya kioo. Ukifika hapo punguza mfuko mmoja, umemaliza.

Ulalo wa kushoto na kulia upimwe kwa pima maji ya fundi mwashi, ikilazwa sakafuni boti ikielea na watu wawili wakiwa viti vyao. Kilo 10 za kusogeza zinatosha kuonekana kwenye kiputo. Jambo hili dogo hupuuzwa mno, na ndilo linalofanya mtelezaji alalamike kwamba upande mmoja ni laini na mwingine una jiwe.

Vibao vya nyuma

Boti nyingi za kizazi hiki zina bamba la tezi linaloshuka kwa swichi. Likishuka, maji huisukuma tezi juu na omo huja chini, na hicho ndicho slalomu inachotaka. Lianze likiwa juu kabisa, lishushwe kwa hatua za asilimia 10, na kila hatua mtazamaji aangalie urefu wa matuta na ule mnundu wa maji unaochemka katikati. Mara nyingi kuna hatua moja ambapo matuta yanalala ghafla. Ukipita hapo omo inaanza kuchimba. Iandike namba hiyo kwa wino kwenye ubao wa dereva.

Kwenye Malibu yenye Power Wedge, bawa hilo la chini ya tezi lipandishwe mahali pake pa kupumzikia. Likiwa limeshuka huivuta tezi chini kwa nguvu, kana kwamba farumi imerudi. Vibao vya kutengenezea wimbi la kusafu (kuteleza juu ya wimbi lenyewe la boti), vya kampuni yoyote, vyote vifungwe. Kimoja kikibaki wazi hata kidogo, boti huvutwa upande mmoja na usukani huwa mzito bila sababu inayoonekana.

Kamba ifungwe wapi

Hapa ndipo boti hii inaposhinda au kushindwa, na ndipo makosa ya hatari hufanyika.

Usimvute mtu wa slalomu kutoka mnarani. Mvuto wake ni wa pembeni, na anapotoka kwenye boya nguvu ya kamba hufika mara kadhaa ya uzito wake. Mnara uko karibu mita mbili juu ya maji. Nguvu hiyo ikishika pale juu huilaza boti, huvuta bolti za miguu ya mnara upande ambao hazikuundiwa, na kwa mtelezaji kamba inamnyanyua mabega wakati anataka kuegemea chini. Atajifunza mkao mbovu na utamchukua msimu mzima kuuacha.

Mahali pake ni chini: nguzo fupi ya kuchomeka nyuma ya injini, ikiwa boti inayo, au kitanzi cha chuma cha tezi. Kitanzi kikaguliwe kwa ndani, siyo kwa nje tu. Fungua kifuniko cha nyuma utazame kama bolti zina bamba la chuma cha pua upande wa ndani au washa tupu. Kikiwa na washa tupu, fundi wa kuchomelea yeyote mzuri wa Moshi au Arusha atakata bamba la chuma cha pua la milimita 5; kazi ni ya saa mbili na inazuia kitanzi kung'oka na fiberi yake. Nyufa nyembamba kama nywele kuzunguka kitanzi zina maana kazi hiyo imechelewa.

Kitanzi cha tezi kina bei yake, na wauzaji hawaitaji. Kwenye boti za slalomu halisi, kama Ski Nautique, MasterCraft ProStar au Malibu Response, injini iko katikati na nguzo ya kamba imesimama mbele yake, karibu na mhimili ambao boti huuzungukia. Mtelezaji akivuta, boti inasogea kidogo lakini haigeuki. Ukifunga kamba kwenye tezi umempa mkono mrefu wa wenzo: kila mvuto unazungusha nyuma ya boti kama mtu anayesukuma mlango upande wa kitasa. Dereva lazima awahi. Mtelezaji anapoanza kuegemea kutoka kwenye boya, usukani uwe umekwisha kusogea kiasi cha vidole viwili kuelekea upande ambao tezi inavutwa, kisha urudi anapokata wimbi. Akingoja aione boti imekwenda ndipo arekebishe, boti itapita njiani ikitambaa kama nyoka, na maboya ya mtelezaji yanakuwa karibu upande mmoja na mbali upande mwingine.

Bei ya pili ni ya wimbi lenyewe. Kutoka nguzo ya katikati hadi tezi ni mita 2.5 hadi 3. Kwa kamba ileile, mtelezaji wa boti ya weikibodi yuko nyuma zaidi kwa kiasi hicho, na anakata wimbi mahali ambapo matuta yamekwisha kuachana na kupanuka. Ndiyo maana mtu aliyezoea mita 16 nyuma ya ProStar atakuta mnundu tofauti kabisa hapa. Kwa kuteleza maji wazi bila maboya dawa ni rahisi: tumia mita 14.25 pale ambapo ungetumia 16 au 18.25, na utarudi kwenye maji yanayofanana. Kwenye njia yenye maboya huna ruhusa hiyo, kwa kuwa urefu wa kamba ndio mtihani wenyewe. Ngazi zake ni 18.25, 16, 14.25, 13, 12, 11.25, 10.75, 10.25, 9.75, na kuanzia 11.25 kamba ni fupi kuliko zile mita 11.5 za kulifikia boya. Kinachobaki kinafikiwa kwa mwili na mkono. Boti inayoyumba sentimita 30 kwenye ngazi hizo imekunyima boya.

Kamba yenyewe nayo ibadilishwe. Ile ya weikibodi haivutiki hata kidogo, na kwenye slalomu kila kona inakuwa pigo la bega. Kamba ya slalomu ina mvutiko mdogo uliopimwa, ina vitanzi vya rangi vya kufupishia, na mita 18.25 zake zinahesabu pamoja na kipande cha mpini cha mita 1.5. Kamba za manila zinazouzwa madukani kwa kufungia mizigo ziachwe kabisa. Zinavutika sana, na mpini ukiponyoka hurudi ndani ya boti kwa kasi ya kumtoa mtazamaji jicho.

Mwendo

Boti nyingi za weikibodi mwisho wake ni kilomita 60 hadi 65 kwa saa, kwa sababu propela yake imechaguliwa kuinua uzito mkubwa kutoka majini, siyo kukimbia. Kwa 58 inabaki akiba ndogo sana. Hapo ongeza mwinuko: Nyumba ya Mungu iko karibu mita 690 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300, kwa hiyo asilimia 7 hivi imekwisha kwenda kabla hujawasha. Mtelezaji akivuta, mwendo unashuka, kidhibiti mwendo (kifaa kinachoishikilia kasi ya boti) kinafungua mafuta yote, na hakuna kilichobaki cha kufunguliwa. Kwa 48 au 52 huwezi kuliona tatizo hili; linaanza 55.

Kwa hiyo pima kwanza: farumi tupu, watu wawili, mafuta nusu, maji matulivu, fungua mafuta yote. Ikifika 65 uko salama. Ikikwama 60, tazama mizunguko ya injini. Ikiwa imefika kikomo kilichoandikwa kwenye kitabu chake, propela ina hatua fupi mno. Ongeza inchi moja ya hatua na mizunguko itashuka kama 200 kwa dakika. Ikiwa haijafika kikomo, usiguse propela, tafuta ubovu kwenye plagi, kichujio cha petroli au propela iliyopinda. Wengi huruka kipimo hiki na kununua propela ya pili bure. Propela iliyokaa kwenye shafti yenye mchongoko ing'olewe kwa kifaa chake cha skrubu cha kuivuta. Nyundo hupindisha shafti, na mtikisiko utakaofuata utakula mpira wa kuzuia maji.

Kidhibiti mwendo ni cha lazima. Mguu au mkono wa binadamu hauwezi kushikilia 55 huku mtu akivuta kila sekunde mbili na nusu. Zero Off ndicho kinachotumika mashindanoni. Kina herufi A, B, C na namba 1, 2, 3, ambazo kwa pamoja huamua kinaitika mapema kiasi gani na kwa nguvu gani. Kwa boti nzito ya aina hii B1 ni mwanzo mzuri, kwa kuwa mwitiko mkali hufika umechelewa na kumvuta mtu anapokwisha kumaliza kazi. Boti ya zamani isiyo nacho inaweza kufungwa Perfect Pass Star Gazer, inayosoma mwendo kwa setilaiti. Kile cha asili cha boti ya weikibodi mara nyingi kina hali mbili, na ikibaki kwenye ya weikibodi itakuwa inaitika polepole. Ibadilishwe iwe ya skii kabla ya kulaumu injini. Ukaguzi wa mwisho ni saa ya mkononi: mita 259 kwa 58 ni sekunde 16.08, kwa 55 ni sekunde 16.95. Mshale wa kioo usiokubaliana na saa, saa ndiyo kweli.

Maji ya Nyumba ya Mungu

Ziwa Duluti, karibu na Arusha kama lilivyo, ni la kreta, dogo, ndani ya hifadhi ya msitu. Ni la makasia, liachwe na utulivu wake. Njia ya slalomu pamoja na nafasi ya kuchukua mwendo na kupunguza inadai mita 600 hadi 700 zilizonyooka, na Nyumba ya Mungu inazo tele.

Lakini bwawa lina wenyewe. Wavuvi hutega nyavu, na boti hii ina propela isiyoinuka pamoja na mapezi yaliyochomoza chini ya mkuku. Wavu mmoja unaharibu mapato ya mtu na shafti yako kwa pamoja. Zungumza na BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia uvuvi) ya mwalo unaoshukia, waoneshe eneo, wakuambie nyavu ziko wapi siku hiyo. Ofisi ya Bodi ya Maji Bonde la Pangani iko Moshi, na usajili wa chombo ni wa TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania. Vyote vikamilike kabla ya trela kuondoka. Kuna mamba na viboko. Wavuvi wakisema mamba ameonekana upande huo wiki hii, siku imekwisha. Siku nyingine kaa maji ya wazi mbali na matete, na boti imrudie aliyeanguka papo hapo, siyo baada ya kumaliza njia. Kando kwenye maji mafu na konokono kuna kichocho, kwa hiyo mtu aingie majini kutoka kwenye boti.

Kina cha maji hupanda na kushuka kufuatana na mvua na maji yanayofunguliwa kwenda mitambo ya umeme. Boya lililofungwa kwa kamba fupi hadi chini litazama au litalala. Weka boya la chini mita moja hadi mbili ndani ya maji, kutoka hapo mpira unaovutika hadi boya la juu, na urekebishe kila wiki. Njia ilazwe kufuata upepo, usikate ubavuni. Kazi ifanyike alfajiri hadi saa tatu asubuhi. Mchana upepo huchafua uso wa maji na wimbi lote ulilolilaza kwa mifuko ya mchanga linapotea ndani ya mawimbi mengine. Kila mkitoka, kagua shafti kama kuna uzi wa nailoni umejisokota mbele ya propela.

Kwa hiyo, nani anunue? Familia au kundi linalotaka weikibodi Jumamosi na slalomu Jumapili, na mtelezaji wake bado anahangaikia maboya manne kwa 52 kwenye kamba ya mita 18.25: boti hii inamtosha kwa miaka. Anayeota mita 11.25 asiinunue hata kwa bei ya kutupa. Atafute ya injini ya katikati, hata ya miaka 20 iliyopita, na pesa inayobaki aiweke kwenye kidhibiti mwendo.

Ukienda kuitazama ya mkono wa pili, bonyeza swichi ya bamba la tezi usikie injini yake ndogo, endesha kila pampu ya farumi, tikisa usukani (ukicheza zaidi ya sentimita tatu kabla boti haijaitika, kebo imechoka na slalomu haitawezekana), lala chini ya trela uangalie kama mapezi yamenyooka, na mwisho fungua kile kifuniko cha nyuma utazame bolti za kitanzi. Muuzaji akisema kifuniko hakifunguki, njoo na bisibisi yako.